Maisha ya Ragini Devi

Napenda kuwaeleza habari za Bibi Ragini Devi, mcheza ngoma mashuhuri. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Esther Sherman, naye alizaliwa Marekani mwaka 1893. Huko kwao alicheza ngoma za Kihindi jukwaani, na mwaka 1928 akatoa kitabu juu ya ngoma hizo. Lakini India kwenyewe alikuwa hajafika.

Mwaka 1930 alifunga safari. Mjini Madras alifundishwa na Bibi Gowri Ammal. Kisha akaenda Kerala, katika shule ya mshairi Vallathol, kujifunza Kathakali, mchezo uliokuwa wa wanaume. Mchezaji wake hasemi neno. Hadithi yote huieleza kwa macho, uso na ishara za mikono. Baada ya mafunzo hayo ndipo alipozunguka India akicheza pamoja na Bwana Gopinath. Alifariki mwaka 1982.

Mimi namsifu kwa jambo moja. Alikuwa mtu mzima, tena mwandishi wa kitabu, lakini hakuona haya kuwa mwanafunzi. Nasi wa Kidato cha Nne tukumbuke: mtaka cha mvunguni sharti ainame.