Bi Titi Mohamed na Fungu la Mwanamke



Ndugu msomaji, katika milima hii ya Usambara, tangu Soni hadi Mlalo na Mtae, mwenye kutoka kwenda kuswali Alfajiri aghlabu humkuta mwanamke ameshatangulia njiani, ama na tenga la kabichi kichwani akielekea gulioni, ama na jembe begani. Yeye ndiye alimaye, lakini ukiuliza shamba ni la nani, utatajiwa jina la mwanamume. Kwa sababu hiyo tumeona Ijumaa ya leo tuyasimulie maisha ya Bi Titi Mohamed. Hakuwa Msambaa wala hakuzaliwa Lushoto, ila mengi yaliyomfika yeye ndiyo yanayowafika binti zetu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni mwaka 1926, na wazazi wake asili yao ni Rufiji. Baba yake alikuwa Muislamu mwenye kushika dini, naye alikataa katakata kumpeleka bintiye skuli ya serikali. Hofu yake ilikuwa moja tu, kwamba mtoto atakwenda kutolewa katika Uislamu. Hofu hiyo tusiicheke. Siku hizo elimu nyingi nchini ilikuwa mikononi mwa wamishionari, na hata hapa kwetu wazee waliokuwa na wasiwasi wa namna hiyo walikuwa wengi. Basi Titi akasomeshwa Qur'ani nyumbani, akawekwa ndani. Baba alipofariki, mama ndiye aliyempeleka skuli, akapata elimu ya miaka michache ya msingi, hapo ukawa ndio mwisho.

Alipofika umri wa miaka 14 hivi akaozwa mwanamume mtu mzima aliyemzidi sana kwa umri. Ndoa haikudumu. Alipata mtoto wa kike kisha wakaachana.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafi tunafahamu kuwa baba ana mamlaka ya kumuozesha binti yake bikra. Wanaoikumbuka hukumu hiyo ni wengi, lakini wanaoyakumbuka masharti yake ni wachache: kusiwepo uadui baina ya baba na binti, na mume awe kufu yake, mwenye uwezo wa kutoa mahari. Juu ya hayo maulamaa wamesema ni sunna binti aombwe idhini. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba msichana mmoja alimshitakia Mtume (S.A.W.) kuwa baba yake amemuoza hali hataki, na Mtume akampa hiyari. Mzazi anayemkatisha binti masomo ili apokee mahari, kisha akasema hiyo ndiyo dini, anaibebesha dini mzigo usiokuwa wake.

Turejee kwa Bi Titi. Aliolewa tena, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa mashuhuri mjini kwa sauti yake. Alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba. Tunajua wapo watakaokunja uso kwa kusikia habari ya ngoma, nasi hatukuja kuitetea. Lakini mwanahistoria akisema kweli atakiri kuwa vikundi vile vilikuwa na uongozi, vilikuwa na michango ya harusi na misiba, na viongozi wake walijuana mtaa kwa mtaa. Mwanamke aliyezuiliwa kila baraza alikuwa na baraza lake huko, na wanaume hawakulitia maanani.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata alikuja mjumbe wa chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, naye akauliza tawi la wanawake liko wapi. Halikuwapo. Viongozi wakatafuta mwanamke wa kulisimamisha, na Schneider Plantan, mmoja wa wazee wa harakati mjini, akamwelekea mume wa Bi Titi, Boi Selemani, aliyekuwa dereva wa teksi na mwanachama, kumwomba ruhusa. Ruhusa ikatolewa.

Kazi aliyoifanya baada ya hapo wasomi wenyewe hawakuiweza. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kujiunga na siasa, hivyo mwenye cheti na mshahara alikuwa na cha kupoteza. Muuza maandazi hakuwa nacho. Bi Titi akawaita viongozi wa vikundi vya ngoma, kila mmoja akaja na watu wake, na katika muda wa miezi mitatu hivi ya mwaka 1955 wanawake wapatao 5,000 walikuwa wamekata kadi. Baadaye akazunguka nchi pamoja na Mwalimu Nyerere akihutubia mikutano ya wanaume na wanawake. Huyu ni yule aliyekuwa akifichwa ndani, na wengi katika waliokuwa wakimsikiliza walikuwa wamesoma zaidi yake.

Wazee wa Lushoto watakumbuka kwamba miaka hiyohiyo huku milimani kulikuwa na fadhaa nyingine. Serikali ya kikoloni ilianza Mlalo mwaka 1946, kisha ikaeneza mpango wa kulazimisha watu wachimbe matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Wanaume wengi walikuwa mbali, wakitafuta mshahara katika mashamba ya mkonge huko bondeni. Matuta yaliangukia migongo ya wanawake. Asiyechimba alitozwa faini. Watu wakakataa, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Chuki ile ya matuta ilikipa chama cha TANU wafuasi wengi milimani. Hivyo si haki kudhani kuwa uhuru uliletwa na wanaume wa mjini peke yao.

Baada ya uhuru Bi Titi alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulipoundwa mwaka 1962 akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1965 akashindwa uchaguzi. Kisha likaja Azimio la Arusha, mwaka 1967, likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Bi Titi alikuwa na nyumba, naye hakukubali kuziacha. Akaacha uongozi.

Tunafahamu lengo la Azimio, kuzuia viongozi wasijilimbikizie mali. Lakini tumtazame na mwanamke huyu. Aliyepewa talaka mara moja anajua kuwa nyumba ya mume si nyumba yake. Qur'ani Tukufu, katika Surat An-Nisaa, imemthibitishia mwanamke fungu katika alichokichuma, na imemthibitishia fungu katika walichokiacha wazazi, kiwe kidogo au kingi. Hapa milimani tumehudhuria mirathi mingi. Kila mara yupo wa kutukumbusha kwamba binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Kisha mashamba ya chai na vitivo vya mboga hugawanywa kwa watoto wa kiume peke yao, na binti huambiwa ameshaolewa, aende akale kwa mumewe. Ile nusu iko wapi? Hiyo ni mila, na imevishwa kanzu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imekataza mila inayomnyima mwanamke ardhi, lakini aya imeitangulia sheria hiyo kwa zaidi ya karne 13.

Mwezi wa Oktoba 1969 Bi Titi alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za uhaini. Kesi ilisikilizwa mwaka 1970, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Yeye alikana mashitaka hayo. Mwaka 1972 aliachiwa kwa msamaha wa Rais. Alipotoka, ndoa yake ilikuwa imekwisha, marafiki wengi walikuwa wamemkimbia, na jina lake lilikuwa limetoweka katika habari za chama. Aliishi kimya Dar es Salaam kwa miaka mingi. Baadaye ndipo alipoanza kutajwa tena hadharani miongoni mwa waliopigania uhuru.

Alifariki tarehe 5 Novemba 2000 katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 74. Katikati ya Dar es Salaam ipo barabara kubwa iliyopewa jina lake, na binti zetu wanaotoka Lushoto kwenda kufanya kazi za ndani huko mjini, wengine wakiwa hawajamaliza hata darasa la saba, huipita.