Hakuwa na PhD, lakini Nobel ilimfuata: Mcheki Gertrude Elion

Septrin unaijua. Kama si wewe umemeza juzi, basi mathe alikupatia ile ya maji ukiwa mtoi. Moja ya dawa mbili zilizo ndani yake, trimethoprim, ilitoka kwa maabara fulani Marekani. Kwa hiyo maabara kulikuwa na dame anaitwa Gertrude Elion, na leo nataka tumwongelee. Hasa kama masomo ilikatikia njiani, kama yangu.

Alizaliwa New York, Januari 1918. Buda yake alikuwa daktari wa meno, mhamiaji kutoka Lithuania, na walikuwa wanaishi poa hadi soko la hisa likaanguka 1929 doo ikaisha. Akiwa na miaka 15, babu yake alikufa na saratani, pole pole, yeye akiona. Hapo akaamua atasomea kemia apigane na huo ugonjwa. Bahati yake, Hunter College ilikuwa haitozi karo. Bila hiyo, wasee, hii stori haingekuwa. Alimaliza 1937 akiwa na miaka 19 na alama za juu kabisa.

Sasa unadhani job ilikuja mbio? Thubutu. Aliomba ufadhili vyuo 15 ndio aendelee na masomo, zote zikamruka. Sehemu moja walikubali anatosha kazi, lakini hawakuwa wamewahi kuwa na mwanamke maabarani, na waliogopa atawavuruga wanaume akili. Soma hiyo tena.

Akasota. Akaingia shule ya usekretari, akaacha. Akafundisha manesi. Akafanya kazi ya maabara bure, hadi mwishowe wakawa wanamlipa dola 20 kwa wiki. Hiyo doo aliiweka, akaingia New York University, na darasani kwa kemia mwanamke alikuwa yeye peke yake. Mchana anafundisha sekondari, usiku na wikendi yuko maabara. Shahada ya uzamili ikapatikana 1941. Mwaka huo huo jamaa waliyekuwa wamepanga kuoana alikufa na maambukizi ya moyo, ugonjwa ambao penisilini ingeutibu miaka michache baadaye. Hakuwahi kuolewa.

Vita ya pili ya dunia ikachukua wanaume, na ghafla maabara zikakumbuka wanawake wapo. Job ya kwanza ilikuwa ya supermarket ya A&P: kupima ukali wa achari na kuangalia rangi ya kiini cha mayai ya kutengeneza mayonezi. Alipoona hakuna kipya cha kujifunza hapo, akatoka. 1944 akaajiriwa Burroughs Wellcome, kampuni ya dawa, chini ya George Hitchings. Usiku alikuwa anasomea PhD Brooklyn Polytechnic. Baada ya kama miaka miwili mkuu wa masomo akamwambia achague: aache kazi asome mchana, ama aache masomo. Akachagua kazi.

Na hiyo kazi ilikuwa noma. Wakati huo dawa nyingi zilipatikana kwa kubahatisha. Wao wakauliza: seli inajijenga aje, na ya saratani inatofautiana wapi na ya kawaida? Fikiria mjengo. Seli inataka matofali ndio izaane. Elion akatengeneza matofali feki yanayofanana na ya ukweli. Seli mgonjwa inabeba, inaweka ukutani, ujenzi unakwama. Ndio hiyo mercaptopurine, iliyoidhinishwa 1953 kwa watoto wenye saratani ya damu, ambao wengi wao walikuwa wanakufa ndani ya miezi. Peke yake haikuwaponya, ugonjwa ulikuwa unarudi, na hiyo ilimuuma. Lakini ikichanganywa na dawa zingine, ikawa msingi wa matibabu yanayoponya wengi leo. Kutoka kwa hiyo hiyo wakapata azathioprine, iliyofanya mwili ukubali figo ya mtu asiye ndugu. Halafu allopurinol, ya wazee wenye gauti.

1967 akapewa idara nzima aiongoze. Bila PhD, akiwa na wenye PhD chini yake. Wakati huo wengi waliamini huwezi kuua kirusi bila kumdhuru mgonjwa. Timu yake ikaleta acyclovir, ya malengelenge ya herpes, na ujanja wake ni huu: kirusi chenyewe ndicho kinaiwasha dawa. Seli nzima haiguswi sana.

Alistaafu 1983. Watu aliowalea hapo ndani wakaendelea, na kazi yao ikazaa AZT, dawa ya kwanza ya kupunguza makali ya HIV, iliyoidhinishwa 1987. Watu walitaka kumpa sifa ya AZT, akakataa. Alisema yeye aliwafundisha tu njia ya kufanya kazi. Mabosi wangapi unawajua wangeacha hiyo ipite?

1988 Nobel ya tiba ikaja, pamoja na Hitchings na Mwingereza James Black. Mwaka uliofuata Brooklyn Polytechnic, wale wale wa achague moja, wakampa udaktari wa heshima. Alipokea.

Alifariki Februari 1999 akiwa na miaka 81, North Carolina. Baada ya kustaafu alikuwa pia Duke University, akiwashika mkono wanafunzi wa udaktari kwenye utafiti wao.