Sam Ntiro

Sam Joseph Ntiro (1923 – 1993) alikuwa mchoraji, mwalimu wa sanaa na mwanadiplomasia kutoka nchini Tanzania. Anajulikana hasa kwa picha za rangi za mafuta zinazoonyesha mandhari na kazi za vijijini katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ni mmoja wa wachoraji wa kwanza wa Afrika Mashariki waliosomea fani hiyo chuoni na kufahamika nje ya bara la Afrika.

Maisha na elimu

Ntiro alizaliwa Uchagani, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Uingereza. Alisoma katika Chuo cha Makerere, Kampala, ambako Margaret Trowell alikuwa ameanzisha mafunzo ya sanaa. Trowell hakupenda wanafunzi waige michoro ya Ulaya. Aliwasimulia tukio, nao wakalichora kama walivyoliona akilini, kwa kutumia mambo waliyoyajua kutoka kwao.

Baada ya masomo Ntiro alibaki Makerere akiwa mwalimu. Kati ya miaka 1952 na 1955 alisoma katika Slade School mjini London. Mke wake, Sarah Nyendwoha Ntiro wa Uganda, anatambuliwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu.

Utumishi wa umma

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro aliteuliwa kuwa balozi wake nchini Uingereza, akakaa huko hadi 1964. Baadaye alishika madaraka ya utamaduni serikalini, kisha akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Muda wote huo hakuacha kuchora.

Mtindo

Katika picha zake, vilima, miti na migomba hujaza sehemu kubwa ya turubai. Watu huwa wengi na wadogo, na nyuso zao hazina maelezo mengi. Wanalima, wanavuna, wanajenga au wanakwenda kwenye sherehe. Hivyo mtazamaji hamwoni shujaa mmoja, bali jamii nzima ikishirikiana, na ardhi inaonekana kuwa mwenzao katika kazi.

Mafunzo ya London hayakumfanya aache njia hiyo. Aliendelea kuchora kutoka katika kumbukumbu, bila kufuata kanuni za Ulaya za kuonyesha umbali na maumbile ya mwili. Kwa sababu hiyo baadhi ya watazamaji waliziona kazi zake kuwa sahili mno. Lakini mtu aliyepita Slade hawezi kusemwa kuwa hakuzijua kanuni hizo. Alizijua, akachagua lugha nyingine ya kuelezea kwao.

Picha yake mashuhuri ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Imo katika hazina ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa, New York, Marekani.

Urithi

Picha za Ntiro zimehifadhi sura ya maisha ya Wachagga katika karne ya 20: kazi za pamoja, sherehe na mashamba ya migomba. Kwa wanafunzi wa sanaa, maisha yake yanaonyesha kwamba elimu ya ugenini inaweza kupokewa bila kuacha macho ya nyumbani.