Mbwa wa Malenga
Katika Kiswahili, kumwita mtu mbwa ni kumtukana. Emily Dickinson, malenga wa Marekani aliyezaliwa Amherst mwaka 1830, angalitushangaa. Mnamo 1849 babaye alimpa mbwa mkubwa, Carlo, naye akawa mwandani wake matembezini kwa takriban miaka 16. Binti huyo aliyewaepuka watu hakumwepuka Carlo, na katika miaka hiyo ndipo alipotunga sehemu kubwa ya mashairi yake yapatayo 1,800. Baada ya Carlo kufa mwaka 1866, tungo zilipungua mno; wala Emily hakufuga mwingine hadi alipofariki mwaka 1886. Sisi tunaoyafundisha na kuyasoma mashairi hayo, huenda tuna deni kwa kiumbe ambaye jina lake tumelifanya tusi.