John Akii-Bua: Askari Polisi Aliyeshinda Dunia

Marehemu John Akii-Bua alikuwa askari polisi kabla dunia haijamjua kuwa bingwa. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika nchi ya Lango, kaskazini mwa Uganda, katika boma la baba mwenye wake wengi. Aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe wa baba yake, kisha akaenda Kampala na kujiunga na polisi.

Humo ndimo alimompata mwalimu wake wa kwanza wa viunzi, Jerom Ochana, polisi mwenziwe na mkimbiaji mashuhuri. Ochana aliweka ufito juu ya kiunzi ili mwanafunzi apite chini chini. Aliyeinuka mno aligonga kichwa, na Akii-Bua alibaki na kovu katika paji la uso. Kijana alijifunza, lakini kwa kumwaga damu.

Mwalimu wa pili, Mwingereza Malcolm Arnold, alifika Uganda mwaka 1968. Akii-Bua alikuwa akikimbia mita 110, ambazo viunzi vyake vina kimo cha sentimita 106.7, wala hakupata nafasi ya kwenda Olimpiki ya Mexico mwaka huo. Arnold aliupima mwili wa mwanafunzi wake kabla ya kumwamuru, akamhamishia mita 400, zenye viunzi 10 vya sentimita 91.4. Hapo ndipo nguvu, pumzi na wepesi wa kuruka kwa mguu wowote vilipopata mahali pake.

Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa nne. Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Hata hivyo alimaliza kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Nyuma yake walibaki Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa mwaka 1968. Hiyo ndiyo dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki.

Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Lakini Akii-Bua alikuwa Mlango, na Walango, kabila la Obote, waliandamwa na utawala ule ule uliomtuza. Mwaka 1976 Uganda iliungana na nchi za Afrika kususia Olimpiki ya Montreal, na huko Edwin Moses akaivunja rekodi yake. Mwaka 1979, Amin alipokuwa akianguka, bingwa alikimbilia Kenya pamoja na jamaa yake, akaishi kambini kama mkimbizi. Kampuni ya Puma ilimsaidia kufika Ujerumani. Baadaye alirejea nyumbani, akawa mwalimu wa riadha, akawapa vijana kile alichopewa yeye. Alifariki tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47, akazikwa kwa heshima za taifa.

Maisha haya yana funzo kwa kila mwenye dhamana ya miili ya askari, awe katika kambi za Jinja au katika barabara za Nkoma mjini Mbale. Kazi ya mwalimu wa mazoezi haiishi katika kupiga filimbi. Yampasa ajue uwezo wa kila mtu, aongeze mzigo hatua kwa hatua, na atoe nafasi ya kupumzika. Askari mwenye kifundo kilichovimba asiamriwe kukimbia ili aonekane shujaa. Kwanza apumzishwe, abaridishwe kwa barafu, na maumivu yakizidi apelekwe kwa daktari. Goti lililoharibiwa na amri ya pupa laweza kumwondoa kazini askari ambaye risasi haikumgusa.

Ukali wa Ochana ulimpa Akii-Bua nidhamu, na kipimo cha Arnold kikampa ushindi. Kovu si sharti la ushindi. Mwalimu bora ni yule ambaye wanafunzi wake hufika siku ya shindano wakiwa wazima.