RUDOLF DIESEL NA MIAKA KUMI NA MITANO

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kulala Chaani hata usiku mmoja, huna haja ya kuelezwa dizeli ni nini. Matrela ya kontena yaendayo na yatokayo bandarini Kilindini hunguruma usiku kucha, na wengi wetu tumedurusu huku madirisha yakitetemeka. Hapo jirani, Changamwe, pana mtambo uliokuwa ukisafisha mafuta ghafi kuanzia 1963 hadi 2013, na dizeli ni mojawapo ya mafuta yaliyotoka humo. Lakini hebu tuulizane, ni wangapi kati yetu wajuao kuwa Diesel ni jina la mtu? Naam, ni mtu aliyezaliwa, akasoma, akataabika, akatajirika, akafilisika, na mwisho akafa maji. Leo nawasimulia maisha yake, na hasa hesabu moja ya miaka iliyomwandama.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani, na baba yake alikuwa fundi wa vitu vya ngozi. Vita vilipozuka mwaka 1870 kati ya Wafaransa na Wajerumani, jamaa hii ilibidi ihame, ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, akae kwa jamaa yake aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Huko kijana alishika masomo barabara, akaingia chuo cha ufundi mjini Munich. Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimzuia kufanya mtihani wa mwisho. Hakukata tamaa. Aliufanya mwaka 1880 na kupata alama za juu kabisa. Mwalimu wake, Carl von Linde, bingwa wa mashine za baridi, aliwafundisha kuwa injini ya mvuke hupoteza karibu joto lote la makaa, na kiasi kidogo tu, kama sehemu moja katika kumi, ndicho kifanyacho kazi. Maneno hayo yalimkaa Rudolf moyoni. Aliajiriwa kwenye biashara ya mashine za barafu, lakini akili yake ilikuwa kwenye injini.

Fikira yake ilikuwa hii: hewa ikishindiliwa kwa nguvu sana ndani ya silinda, hupata moto mkali hata mafuta yakirushwa humo yawake yenyewe, bila cheche. Tarehe 27 Februari 1892 alipeleka maombi ya hataza mjini Berlin. Hataza ni hati ya serikali inayomkataza mtu mwingine kutengeneza au kuuza kitu ulichovumbua pasipo idhini yako. Lakini haidumu milele. Muda ukiisha, kitu huwa cha watu wote.

Sasa tufanye hesabu. Sheria ya Ujerumani wakati huo ilitoa miaka 15. Diesel alipewa hataza yake tarehe 23 Februari 1893. Je, ilikwisha lini? Najua wengi mtajumlisha 15 na 1893, mpate 1908. Mmekosea! Miaka ilihesabiwa tangu siku iliyofuata ile ya kupeleka maombi, yaani tarehe 28 Februari 1892. Kwa hivyo hataza hiyo ilifikia ukingoni Februari 1907. Ule mwaka mzima wa kungojea hati ulikuwa umekwisha kuliwa. Tena kila mwaka ilipaswa kulipiwa ada, na ada ilizidi kupanda. Asiyelipa, hataza yake ilikufa kabla ya siku zake.

Na balaa kubwa ni kuwa saa ilikwisha anza kwenda, hali mashine yenyewe haijaundwa! Kiwanda cha Augsburg na kampuni ya Krupp vilikubali kumsaidia. Jaribio la kwanza, Agosti 1893, halikufaulu. Februari 1894 injini ilijiendesha yenyewe kwa muda wa kama dakika moja, ikanyamaza. Fundi aliuza nini katika muda huo? Hakuna. Ilipofika Februari 1897 ndipo Profesa Schröter alipoipima, akaona yatumia asilimia 26 ya joto la mafuta, zaidi ya mara mbili ya injini ya mvuke. Ulimwengu ulishangaa. Lakini miaka mitano kati ya ile kumi na mitano ilikuwa imekwenda zake.

Tena wakati wa majaribio aligundua kuwa hataza ya kwanza haikueleza sawasawa jinsi mafuta yanavyowaka ndani ya injini iliyofanya kazi. Ikabidi aombe hataza ya pili, Novemba 1893, na hiyo ikamfikisha Novemba 1908. Kwa hivyo yule aliyejumlisha vibaya hapo juu amepata mwaka uliokuwa wa mwisho kweli, lakini kwa bahati tu! Mwalimu wa hesabu hampi alama.

Fedha zilikuja. Bwana Busch wa Marekani alinunua haki za nchi yake, na Diesel akawa milionea akajenga jumba la fahari Munich. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu. Ila kesi na wapinzani zilimchosha, afya ikadhoofika, na biashara za ardhi zikamtia hasara. Hataza zilipokwisha, viwanda viliunda injini zake bila kumlipa hata senti.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Dresden kutoka Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikuwa kitupu. Siku chache baadaye mabaharia Waholanzi waliona maiti ikielea. Wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni, wakaurudisha mwili baharini. Mwanawe alivitambua vitu vile. Kama aliteleza au alijitosa, hakuna ajuaye. Kilichojulikana ni madeni aliyoiachia jamaa yake. Lori za dizeli zilianza kutengenezwa katika miaka ya 1923 na 1924, yeye yu kaburini la maji na hataza zake zimekwisha zamani.

Wenzangu, kwetu Kenya, Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka 2001 inatoa miaka 20, nayo pia huhesabiwa tangu siku ya kupeleka maombi, si siku ya kupewa hati wala ya kuanza kupata faida. Huenda kati yetu, au kati ya mafundi wetu wa jua kali, yumo mvumbuzi. Asiitangaze siri yake ovyo kabla ya kuomba, lakini pia asikimbilie kuomba na kazi bado mbichi kabisa. Akishapeleka maombi, ajue saa yake inakwenda, naye asilale.

Leo usiku trela litakapotikisa dirisha lako, mkumbuke Rudolf Diesel.