Alikosa tuzo mara tatu, akaenda Roma kuchora mawe

Jacques-Louis David alizaliwa Paris, Ufaransa, mwaka 1748. Alikuwa na miaka tisa tu babake alipouawa katika pambano la silaha la ana kwa ana. Wajomba waliomlea walitaka awe msanifu majengo. Yeye alitaka kuchora tu, na hatimaye wakamwachia.

Kila mchoraji chipukizi wa Paris enzi hizo alimezea mate tuzo ya Prix de Rome. Ukiibuka mshindi, mfalme anakulipia masomo Roma, Italia. David aliikosa 1771. Mwaka 1772 akaikosa tena, na safari hii akajifungia chumbani, akagoma kula ili afe. Siku mbili hivi baadaye alibembelezwa akaacha. 1773 pia alitoka mikono mitupu. Akashinda 1774.

Ungedhani jamaa sasa angejiona bingwa. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alipofika Roma 1775 na mwalimu wake, Joseph-Marie Vien, alirudi kwa mambo ya msingi: karatasi na chaki nyeusi. Kwa takriban miaka mitano alichora sanamu za kale na majeneza ya mawe yenye nakshi: vichwa, mabega, mikunjo ya nguo, hata viti na kofia za vita. Sanamu haichoki wala haitikisiki, hivyo unaweza kuikodolea macho mpaka uelewe kivuli kinaangukia wapi. Michoro ilifika mamia. Aliibandika kwenye albamu, ikawa ghala lake la mifano.

Jasho hilo lililipa. Mwaka 1785 Paris iliduwaa ilipoona picha yake ya Kiapo cha akina Horatii, ndugu watatu waliosimama imara kana kwamba wamechongwa. Katika picha ya 1789, sura ya Brutus aliitoa kwenye kichwa cha shaba kilichoko Roma hadi leo.

Baadaye siasa zilimtia mashakani. Wakati wa Mapinduzi alipiga kura mfalme auawe, akafungwa 1794, kisha akawa mchoraji wa Napoleon. Napoleon alipoanguka, David alikimbilia Brussels, akafia huko 1825.

Wanawe waligawa ile michoro katika albamu 12 na kuipeleka mnadani 1826. Leo imetapakaa, mingine Louvre, mingine Marekani. Hiyo ni kazi ya mazoezi, iliyofanywa na mtu aliyekuwa tayari ameshinda.